Yowe Lako Juu ya Treni ya Mbao

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Ujumbe wako wa jana niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, maana siku hizi siwezi kusoma chochote nikiwa nimekaa. Unasema watu wa parokia yenu huko Kanada wamekubali kunidhamini. Unasema wanataka jibu kabla ya Jumapili. Unasema nikikubali nivuke mpaka, nifike Kampala, nijiandikishe kama mkimbizi jinsi ulivyojiandikisha wewe zamani, kisha nisubiri, na safari hii nisubiri kwa moyo mmoja. Mwishoni ukaandika: "Ndiyo ao hapana, Kavira. Usinijazie maneno."

Nitakujazia maneno. Vumilia. Ningeweza kukupigia, lakini unaujua mtandao wetu: ungekatika katikati ya sentensi, ukabaki na nusu, na ile nusu nyingine ungeishona mwenyewe kwa uzi wa wasiwasi. Kwa hiyo naandika kwenye karatasi, nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Sijaifunga barua hii. Ukitaka, wasomee wale dada wa Kiwanja na wa Bukavu unaokutana nao baada ya misa. Nadhani karibu kila mmoja wao ana mdogo wake huku anayemwandikia mambo kama haya, au anayekaa kimya.

Nianzie kwenye ile bustani kubwa ya michezo, kwa sababu sijawahi kukuambia nilichokiona pale, na jibu langu limekaa hapo.

Mwaka jana, nilipomaliza semina ya walimu wa sayansi huko Kanada, nilikuja kwako kupumzika kabla ya ndege ya kurudi. Sikupumzika. Hukujua, kwa sababu nilikuwa nafumba macho ukipita koridoni. Nyumba yenu ilikuwa kimya mno. Friji ilinguruma kidogo kisha ikanyamaza, na ikinyamaza mimi nilikaa wima kitandani nikijiuliza imenyamazia nini. Mchana nilizunguka meza ya jikoni. Nilifuta vyombo vilivyokuwa vikavu. Mume wa rafiki yako, yule aliyekuja kutusalimia, akakuuliza kama nina haraka ya kwenda mahali, ukamjibu, "Hapana, amezaliwa hivyo." Sikuzaliwa hivyo, yaya. Lakini niliendelea kufuta vyombo.

Plamedi ndiye aliyeamua twende. Mtoto wako yule ana miaka minane na anaongoza nyumba kama chifu. "Tantine hawezi kurudi Goma bila kupanda milima ya Kirusi," akatangaza mezani. Ndivyo wanavyoziita kwa Kifaransa zile treni za michezo zinazopanda na kuanguka. Nikauliza kwa nini iwe ya Kirusi. "Warusi nao wana mlima kama wa Kibumba?" Wewe ulicheka, kisha kicheko kikakatika, ukaanza kukusanya sahani. Sikulitilia maanani.

Tulishuka kwenye gari upande wa maegesho, na kabla hatujaliona lango nikasikia. Mngurumo wa magurudumu juu ya mbao, halafu mayowe ya watu wengi yakitoka pamoja, yakipanda, yakikatika ghafla. Mkono wangu ulimkamata Plamedi begani kabla sijafikiri, na macho yangu yalikuwa yanatafuta ukuta. Nikakuangalia. Wewe uliyefika pale mara nyingi, wewe mwenye tiketi ya msimu mzima, mkono wako ulikuwa umeshika sakoshi, ule mkoba wako wa begani, na kuibana kifuani. Tuliangaliana, tukaangua kicheko hadi ukaegemea gari la watu.

"Munacheka nini?" Plamedi akauliza.

"Ujinga yetu," ukamwambia.

Langoni ndipo nilipokuaibisha. Kijana mwenye fulana ya njano aliponyoosha mkono kwa tabasamu, mimi, bila kuambiwa, nilitoa pasipoti, barua ya mwaliko, kadi ya chanjo na kitambulisho cha shule, nikavipanga kama karata, nikainamisha kichwa kidogo, kama tunavyofanya kwenye kizuizi cha barabara. Nilianza hata kueleza: natoka wapi, naenda wapi, nitarudi lini. Kijana alibaki ameshika hewa. Ukaninong'oneza, "Rudisha, Kavira. Hapa wanataka tiketi tu." Nikarudisha. Lakini nilikuona, yaya. Nawe ulikuwa tayari umefungua zipu ya sakoshi nusu.

Hiyo sakoshi. Si ileile ya papa, baba yetu, najua, ile iliisha Uganda, ngozi yake ikabanduka kama ndizi. Lakini ni nyeusi vilevile, ina mkanda mrefu vilevile, na unaivaa vilevile, mkanda ukikatiza kifua. Ndani yake mlikuwa na kadi zenu zote za ukaaji, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shule za Plamedi, hata cheti chako cha ubatizo kutoka Rutshuru chenye alama ya maji. Kwenye bustani ya michezo! Watu wengine walibeba mafuta ya jua na sandwichi.

Chini ya ile treni ya mbao, ile kubwa kuliko zote, palikuwa na visanduku vya chuma vya kufungia mizigo. Plamedi hakuviangalia hata kidogo. Alivua koti lake, akakutupia. Akakutupia chupa ya maji. Akanigeukia: "Tantine, pa Mama Kabati bintu byako byote."

"Mama Kabati ni nani?"

"Ni yeye. Kabati letu. Anakaa pale kwenye kiti mpaka tumalize."

Nilikuuliza, "Yaya, haujapanda hata siku moja?"

"Nani atashika bintu?"

"Kuna visanduku."

"Na funguo iko kwa nani?" ukasema, na ukakaa kwenye benchi kama mtu anayejua mahali pake, koti la mtoto magotini, mkanda umekaza kifuani. Nikakumbuka sheria ya mama ya wakati ule tulipokuwa wadogo, kila mara kulipovuma habari mbaya na vitu vikafungwa: mwenye sakoshi hachezi. Wewe ndiwe uliyepewa, kwa sababu ulikuwa mkubwa, papa alikuwa ameshakufa, na mikono ya mama ilikuwa imejaa. Mwenye sakoshi hachezi, halali wa kwanza, haendi mbele peke yake. Hakuna aliyekuja baadaye kukuambia kwamba sheria imekwisha.

Nikapanda na Plamedi. Mnyororo ulituvuta juu, tak, tak, tak, na mimi, mwalimu wa fizikia, nikaanza kumweleza kwamba treni hii haina injini, kwamba ikishafika kileleni mnyororo unaiachia na safari yote inayobaki inatoka kwenye kimo kile tu. "Tantine, acha kufundisha! Ulie!" akapiga kelele, na tukaanguka.

Nitakuambia ukweli wa pale juu. Sikuogopa. Wala sikufurahi, kwa namna ile wao walivyofurahi. Nilitulia. Mbao zilitetemeka, upepo ulinikaba koo, watu nyuma yangu walikuwa wanamwita Mungu kwa lugha tatu, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike kwako nilihisi mwili wangu unalegea. Nilikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani. Tuliposhuka, wenzetu walitawanyika kwenda kununua chipsi, wamechangamka, wameshamaliza. Mimi miguu yangu ilitaka kurudi kwenye foleni.

Kisha tukapita kwenye kile kibanda wanachoonyesha picha. Mashine inapiga picha treni inapoanguka, kila mmoja anatafuta uso wake kwenye kioo. Plamedi alikuwa mdomo wote, meno hata yasiyoota. Mzee wa kiti cha nyuma alikuwa ameziba macho. Na katikati yao mimi, mikono magotini, mdomo umefungwa, uso umetulia kama wa mtu anayengoja zamu yake posta.

Plamedi alicheka mpaka akakaa chini. "Tantine amelala!"

Nilicheka pia. Wewe hukucheka. Ulisogea karibu na kioo, ukaiangalia ile picha muda mrefu, hadi watu nyuma wakaanza kuguna. Ukamtuma mtoto akanunue barafu. Halafu ukasema, "Unakumbuka chukudu?"

"Ya Kibumba? Nakumbuka. Siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote."

Ukaniangalia kama niliyekupiga.

Yaya, hivi ndivyo nilivyokuwa nayo siku ile kichwani, tangu niwe na miaka mitano. Tulikuwa tumetoka Kiwanja, tumetembea, tumelala Rumangabo pembeni mwa barabara chini ya turubai la watu, tumetembea tena. Miguu yangu ilikuwa imekataa. Akaja mwanamume mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imejaa kabichi na godoro moja, akamwambia mama, "Leta mutoto, nimuweke juu." Nikawekwa juu ya godoro kama malkia. Halafu barabara ikainama kuelekea Kibati, na yule baba akapiga goti moja kwenye ubao, akaachia. Upepo! Harufu ya kabichi! Kile kipande cha tairi anachokanyagia breki kikipiga filimbi, na yeye akipiga kelele, "Pisha! Pisha njia!" na watu wote na mizigo yao wakitupisha. Nilidhani wamejipanga kututazama. Nilicheka hadi nikapata kwikwi. Nimewasimulia wanafunzi wangu siku hiyo tukisoma mwendokasi. Kitu kimoja tu kilikuwa hakiingii katika kumbukumbu hiyo: tulipofika chini, ulinipiga kofi. Kofi lile nalikumbuka. Sababu yake sikuijua, nikaiweka kwenye hesabu ya ukali wako.

Ukanipa sababu pale, mbele ya picha, huku ukiongea na kioo, si na mimi. Kwamba mama alikuambia: mkono mmoja sakoshi, mkono mmoja Kavira. Kwamba barabara ilipoinama, kidole changu kilikuponyoka. Kwamba ulimwangalia mama aliyekuwa nyuma na sufuria kichwani, hakuona kitu, na hukuwa na muda wa kumwita. Ukakimbia. Kandambili zikabaki njiani. Malori ya askari yalikuwa yanapanda, watu walikuwa wanashuka, vumbi limefunika kila kitu, na hukuona chukudu wala godoro. "Nilikuwa nasikia tu unacheka," ukasema. "Unacheka, nakimbia. Kona inakumeza, nakosa, nasimama. Halafu nasikia tena, unacheka, nakimbia. Nilijua uko hai sababu ulikuwa unacheka."

Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Halafu ukagusa kioo, pale kwenye uso wangu. "Angalia hii. Haucheki, haulii. Kavira, weye uko wapi hapa?"

Nikafanya kile ninachofanya nikibanwa: nikatafuta kazi. Nikakuambia, "Leta sakoshi. Panda na mtoto wako."

"Weye? Weye uliyepoteza kiatu ya komunyo ndani ya kanisa?"

"Kilipatikana."

"Kwa mbwa wa padri!"

"Panda, yaya, kabla sijabadilisha mawazo."

Plamedi alirudi na barafu, akasikia, akaanza kurukaruka: "Mama Kabati anapanda! Mama Kabati anapanda!" hadi wageni wakaanza kukupigia makofi bila kujua kwa nini. Naamini ni aibu iliyokupandisha. Ulivua mkanda, ukanivisha wewe mwenyewe, ukaukaza, ukaangalia zipu. Ukaondoka ukigeuka nyuma.

Sasa hiki ndicho ambacho sijakuambia.

Nilikaa kwenye benchi lako. Nilidhani nitawaangalia watu, nitakula barafu ya Plamedi iliyokuwa inayeyuka. Sikuweza. Mtoto mmoja alikuja kukaa karibu, nikahamishia sakoshi upande wa pili. Mtoto, yaya, mwenye masikio ya sungura ya plastiki kichwani. Bega likaanza kuuma, na ilikuwa karatasi tu mle ndani. Nikaangalia juu, nikawatafuta, kila kichwa kilikuwa kichwa chenu, kisha treni ikapita nyuma ya miti na sikuwaona kabisa. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama. Nikaelewa kwamba hii ndiyo hali uliyokuwa nayo kila mara niliposema, "Yaya, mbona huji kucheza?"

Treni ikafika kileleni. Ikaachiwa. Watu wakapiga yowe lao, lile la pamoja, na ndani yake nikalisikia lako. Sijawahi kukusikia ukipiga yowe. Sio Kiwanja, sio Kibumba, sio siku ya maziko ya papa. Lakini nililijua papo hapo, kama mtu anavyoijua harufu ya nyumbani kwao. Watu walinyamaza treni ilipofika chini, na wewe ukaendelea. Ikapanda kilima cha pili, wewe unaendelea. Na nikasikia unachoita. Ulikuwa unaita jina langu.

Ulishuka wigi limekaa upande, unacheka na kulia. Plamedi alikuwa amejaa fahari: "Mama alilia mpaka mutu wa mbele akageuka!" Ukanishika mikono yote miwili, hukuiangalia hata sakoshi, na ukasema, "Sikutaka kuita. Imetoka yenyewe." Halafu, palepale, watu wakitupita na mapulizo yao: "Baki. Usipande hiyo ndege. Tutatafuta njia, kuna mawakili, kuna parokia. Baki, Kavira. Sitaki kukimbia nyuma yako tena."

Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Siku ya ndege nilipanda.

Nikawaambia watu wote, na wewe pia, kwamba nimerudi kwa ajili ya mama na wanafunzi. Ni kweli. Lakini nikuambie na ile sehemu nyingine: niliposhuka pikipiki Birere, hapa Goma, katikati ya wauza maharage na wauza simu na wanaotukanana juu ya njia, honi zikipigwa kutoka pande zote, nilipumua. Nikaenda nyumbani nikalala mchana kutwa. Nikajiambia, unaona, hapa ndipo pako. Sikujiuliza ni kitu gani ndani yangu kinachohitaji kelele ili kilale.

Kilichofuata unakijua, ulikuwa unapiga simu kila saa. Vita viliingia mjini, mji ukapata wakubwa wengine. Tulilala sakafuni, mama akisali rozari kwa sauti ya kawaida kabisa kama yuko kwenye jumuiya. Baadaye tukatoka nje, tukafagia vioo. Benki zikabaki zimefungwa. Waliokuwa wanaishi kwenye mahema upande wa ziwa Lac Vert wakaondoka na maturubai yao mgongoni, na benchi mbili katika darasa langu zikabaki tupu. Shule ikafunguliwa tena. Ulinisifu kwenye simu, ukasema, "Uko mgumu, mudogo wangu," na nikafurahi kusifiwa.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa ubaoni naandika kuhusu anguko huru. Risasi zikalia karibu, nyuma ya ukuta wa shule. Watoto wote wakaingia chini ya madawati, wamezoea. Mimi nilimaliza sentensi. Unanielewa, yaya? Nilikuwa nimefika katikati, nikaweka kitenzi, nikaweka nukta, nikapigia mstari neno la maana. Kisha nikageuka nikaona darasa tupu, na miguu. Msichana mmoja aliyekuwa karibu, mdogo kuliko wenzake, alikuwa ananiangalia kutoka chini, mikono masikioni. Akaniuliza, "Madamu, weye hauogopi?"

Nikamwambia atulie. Nilimwambia kwa ukali. Hakuniogopa kwa sababu ya ukali, niliona, alikuwa ameniogopa tayari, kwa sababu ya uso wangu. Alikuwa ananitazama jinsi ulivyotazama kile kioo.

Tangu siku hiyo sikai. Nazunguka uwanja, nafagia palipofagiwa. Nimekuwa nikijiambia kwamba kubaki ni ujasiri na kuondoka ni kukimbia, na nimewahukumu wengi kwa kipimo hicho, wewe ukiwa wa kwanza, ingawa sikukuambia. Sasa sijui tena. Mama anabaki na anaogopa. Kila jioni anaogopa, anafunga mlango, anasali, na asubuhi anakwenda sokoni kuuza. Huo ndio ujasiri. Mimi nabaki kwa sababu sihisi kitu, na mtu asiyehisi kitu hapaswi kusimama mbele ya watoto siku risasi zinalia. Siku moja nitachelewa kuwaambia walale chini kwa sababu nataka kumaliza sentensi.

Nataka kuogopa kama watu. Nataka kupigwa picha na mdomo wazi. Sijui kama hilo linapatikana Kanada. Wewe umekaa huko miaka na hadi leo unabeba vyeti kwenda kwenye michezo. Usidhani nimesahau. Kwa hiyo siji kutafuta kwako mtu aliyepona. Lakini nilikusikia juu ya ile treni. Baada ya miaka yote hiyo, yowe lilikuwa bado limo ndani yako na likatoka. Langu naamini limo pia. Hapa haliwezi kutoka, hapa kila mtu anabana lake ili wa jirani asivunjike.

Nimezungumza na mama, kwa kuzunguka, kama anavyopenda. Anasema, "Enda. Mimi nakimbia tena kwenda wapi, na haya magoti? Mama mudogo Kanyere atakuya kulala hapa, tutagombana juu ya chumvi, siku zitaenda." Anasema hivyo kila mara, bila kupepesa macho. Lakini juzi nilishusha begi kutoka juu ya kabati nitafute sweta tu, akatokea mlangoni na kijiko mkononi: "Unaenda wapi?" Sauti haikuwa ya mtu aliyesema enda.

Hilo ndilo linalonikata. Kampala hainitishi sana, wala chumba cha kukodi, wala foleni. Neno mkimbizi linanichoma, nakubali. Nimesoma hadi chuo kikuu ili nisiandike neno hilo kwenye karatasi yenye jina langu, na sasa nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nitaliandika. Lakini mama aliye mlangoni na kijiko, sijui nimweke wapi. Wewe ulimwacha ukiwa na mume, ukiwa na mimba, mimi nikiwa bado nyumbani. Ninayemwacha mimi anabaki na dada yake na redio.

Jibu ni ndiyo, yaya. Waambie watu wa parokia. Nitamaliza muhula, nitawasahihishia watoto mitihani yao, nitamtafuta mtu wa kushika darasa anayejua kulala chini kwa wakati. Halafu nitavuka. Usiniite jasiri na usiniite mwenye akili, na nikifika usilie uwanja wa ndege mbele za watu. Au basi, lia.

Wewe ndiwe wa kwanza kujua. Hilo halijawahi kutokea nyumbani kwetu, kila habari ilipita kwanza kwa mama, hata ya mimba yako. Ananiita sasa hivi. Bugali umeiva, sombe ya majani ya muhogo iko mezani, amekwisha kuita mara mbili, na ya tatu huwa anakuja mwenyewe. Anajua naandika, hajui naandika nini. Wacha niamke nikakae naye, nile kwanza, kisha nimwambie kwa mdomo wangu.

Mdogo wako, ambaye leo bado yuko Goma,
Kavira